Pazia la Chumba cha Kulala: Kazi Yake, Uchaguzi Wake na Maneno Yake

Maneno ya vitu vya nyumbani aghalabu hupita mbele ya wataalamu wa lugha pasipo kusimamishwa na kuulizwa habari zake. Neno pazia ni mojawapo. Kila mtu alijua, kila duka la vitambaa huuza kitu chenyewe, na kila mwenye kuhamia nyumba mpya siku moja hujikuta amesimama mbele ya majora ya nguo, na muuzaji amwuliza, "Wataka rangi gani?" Makala haya yamekusudiwa kuonyesha ya kuwa swali la rangi si la kwanza wala si la pili, na ya kuwa Kiswahili chenyewe, kikisikilizwa vizuri, hutuonyesha ni swali lipi lipasalo kutangulia. Nitazungumza juu ya dirisha la chumba cha kulala peke yake, na hasa chumba cha mwambao, tangu Lamu hata Kilwa, ambako usiku wa joto humlazimisha mtu kuchagua baina ya kuonekana na kukosa hewa. Nyumba za bara nitazitaja kwa uchache, mahali panapostahili.

Jambo la kwanza la kuangalia ni kuwa neno pazia, likisimama peke yake, halimaanishi nguo ya dirishani. Twasema pazia la mlango, pazia la kitanda, pazia la jukwaa, pazia la dirisha. Kila moja lahitaji neno la kulibainisha, na hilo la dirisha halina haki kuliko wenzake. Ukimwambia bibi mzee wa Mombasa au Unguja, "Inua pazia," yamkini atatazama mlangoni kwanza. Wafasiri wa vitabu vitakatifu nao walilitumia neno hili vivyo hivyo. Katika Biblia ya Kiswahili nguo iliyotenga Patakatifu pa Patakatifu ndani ya hekalu huitwa pazia; na katika tafsiri za Kurani kwa Kiswahili, neno hijabu lililomo katika Sura ya 33, aya ya 53, limefasiriwa kwa neno hilo hilo. Mahali pote pawili hapana dirisha. Zipo pande mbili, na nguo katikati yao.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa katika ukopaji wa maneno. Kwa Kiarabu, maneno ya mzizi wa s-t-r, kama vile sitar na sitara, hutaja pazia lenyewe, kitu cha kushikika kwa mkono. Kiswahili kiliyachukua maneno ya mzizi huu, lakini hakikuichukua ile nguo. Kwetu sitara ni hali: kuhifadhika, kutoonekana katika unyonge, kuwa na heshima mbele ya macho ya watu. Mtu husitirika kwa nguo, kwa nyumba, kwa mwenzi wake wa ndoa, hata kwa fedha ya kukopeshwa kwa siri. Nguo ikabaki na jina la pazia, na kazi ya ile nguo ikapata jina la sitara. Mgawanyo huu ni wa manufaa makubwa, maana wamwezesha msemaji kuuliza kama pazia fulani lina sitara au halina, jambo ambalo lugha isiyotenga maneno hayo haiwezi kulisema kwa wepesi.

Majirani wa neno pazia nao wana safari zao. Dirisha ni neno la Kiajemi, dariche, ambalo ni udogo wa dar, yaani mlango. Kwa hiyo dirisha, kwa asili ya jina lake, ni mlango mdogo. Shubaka ni Kiarabu, na kwa Waarabu ni dirisha, hasa lile lenye viunzi vilivyopishana, kwa kuwa mzizi wake ni ule wa wavu. Kwetu limekuwa aghalabu tundu la ukutani la kuwekea vitu, lisilotokea nje. Chandarua ni mgeni kutoka Bara Hindi: kwa Kigujarati chandarvo ni nguo itandwayo juu ya watu au kitu, kama dari, nasi twalitumia zaidi kwa ile nguo ya wavu imzuiayo mbu asimfikie aliyelala. Basi katika chumba kimoja cha kulala kuna mlango mdogo wa Kiajemi, tundu la Kiarabu, na dari ya Kigujarati.

Nyumba za mawe za Lamu, zile za karne ya 18, zatueleza kwa nini pazia halikufungamana na dirisha tangu mwanzo. Kuta zao ni nene, na upande wa njia madirisha ni machache; mwanga na hewa huingia kwa njia ya kiwanda, yaani ua wa ndani usioezekwa. Kutoka kiwandani mtu hupita msana, kisha msana mwingine, ndipo afike ndani, chumba cha faragha kilicho nyuma kabisa. Katika nyumba ya namna hiyo pazia lilikuwa na kazi kubwa, lakini haikuwa dirishani. Lilitundikwa milangoni na kwenye ncha za msana, pahala palipotengwa kwa kitanda. Hata nje ya nyumba, wanawake wa Lamu wa tabaka la juu walitembea ndani ya shiraa, nguo iliyoinuliwa kwa miti na kuchukuliwa na watumwa; na shiraa kwa Kiarabu ni tanga la chombo. Hilo nalo lilikuwa pazia, tena lenye miguu. Na hata leo pazia la mlangoni laendelea kuwa na adabu zake: mgeni hupiga hodi, wala halifunui mpaka asikie karibu, na mchana mwenye nyumba akilipiga fundo katikati, jirani hujua ya kuwa ruhusa ya kuzungumza imo.

Pazia la dirishani kama tulijuavyo sasa, lenye fimbo juu, marinda mengi na kitambaa kizito kifikacho sakafuni, lilitufikia kwa njia nyingine, pamoja na dirisha la kioo. Katika nchi za kaskazini ya Ulaya wakati wa baridi kioo ndicho mahali pa baridi kuliko pote chumbani: hewa iliyo karibu nacho hupoa, huwa nzito, hushuka na kutambaa sakafuni hata miguu ya aliyeketi. Pazia zito huizuia hewa hiyo. Tena kuna mwanga wa kiangazi. London, mwezi wa Juni, jua huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri, na machweo hupita saa 3 ya usiku. Nilipokuwa nikisoma huko nililala nyuma ya mapazia ya mahameli yenye bitana, wala sikuona kasoro ndani yake, maana yalijibu maswali ya nchi ile. Lililosafiri kuja kwetu ni jibu, pasipo swali lake. Ndiyo sababu mtu aweza kuona huko Temeke au Likoni chumba cha mita 3 kwa 3, chenye dirisha moja, ambalo limetundikiwa kitambaa cha kuzuia theluji.

Basi, anayechagua na aanze na sitara, kwa kuwa ndiyo kazi ambayo lugha yetu imeitambua na kuipa jina lake. Nayo sitara ya dirishani hufuata kanuni ya mwanga ambayo wengi huijua kwa mazoea lakini huisahau wanunuapo: jicho huona kutoka gizani kwenda penye mwanga, wala haliwezi kinyume chake kwa urahisi. Mchana, nje ni kweupe na ndani ni hafifu. Kitambaa chepesi kama shashi au melimeli chatosha kabisa, kwa kuwa aliye ndani humwona mpita njia, naye mpita njia huona weupe wa nguo tu. Usiku taa ikiwashwa mambo hugeuka. Shashi ile ile humwonyesha aliye ndani, umbo lake na kila alifanyalo, na yeye mwenyewe haoni kitu nje. Yafuata ya kuwa pazia la shashi peke yake ni sitara ya nusu siku. Chumba cha kulala chahitaji tabaka mbili, moja la mchana na moja la usiku, au kitambaa kimoja cha ufumaji wa kubana ambacho mchana husogezwa kando. Njia ya kukijaribu ni nyepesi: kitambaa kishikwe mbele ya taa inayowaka, na mkono upitishwe kati ya taa na kitambaa. Kivuli cha vidole kikionekana wazi, na cha mtu kitaonekana.

Nyumba za zamani za Unguja na Mombasa zililimaliza jambo hili kwa mbao. Dirisha lilikuwa na milango yake ya mbao yenye vipande vyembamba vilivyoinamishwa, hivi kwamba hewa hupita, jua huzuiwa, na macho ya aliye njiani hukomea kwenye ubao. Mafundi huviita luva. Kwa maoni yangu hakuna kitambaa chochote kilichopata kushinda chombo hiki katika hali ya hewa yetu, nami husikitika nionapo kikitolewa dirishani ili kiwekwe kioo kitupu, kisha mwenye nyumba aende dukani kununua kwa gharama kubwa kile alichokitupa.

Kwa kuwa luva zimepungua, hewa imekuwa ndilo jambo gumu kuliko yote. Upepo wa mwambao hujulikana majina na majira yake: kaskazi huvuma takriban tangu Desemba hata Machi, na kusi katika miezi ya katikati ya mwaka. Miezi ya kaskazi ndiyo ya joto, na usiku wake ndio upimao pazia. Dirisha la alumini lenye vioo viwili vya kutelezeshwa, ambalo limeenea sana mijini, hufunguka nusu yake tu. Kioo kimoja hujificha nyuma ya mwenzake. Dirisha la upana wa sentimita 150, basi, hutoa nafasi ya sentimita 75 zisizotimia. Ukiweka fimbo ya pazia yenye urefu sawa na dirisha, pazia likisogezwa kando lote hurundikana mbele ya ile nusu iliyo wazi, na chumba huwa kama kisicho na dirisha. Dawa yake ni kuirefusha fimbo ipite fremu kwa sentimita 20 au 30 kila upande, ili rundo la kitambaa likae mbele ya ukuta badala ya mbele ya upepo.

Wakati wa usiku, pazia likiwa limekunjuliwa, kitambaa chepesi cha pamba chenye ufumaji wa wastani hupokea upepo na kuupitisha. Kile kilichopakwa utando mgongoni ili kuzuia mwanga hakipitishi kitu, nacho hupigwapiga na upepo kama tanga lililolegea mpaka mtu aamke. Mimi hulipendelea pazia la nusu, ambalo bado laonekana katika nyumba nyingi za Mombasa na Unguja: kitambaa kifupi kilichopitishwa katika waya uliokazwa katikati ya dirisha, kikifunika sehemu ya chini hata usawa wa kichwa cha mpita njia. Juu yake pamebaki wazi, na kwa kuwa hewa ya moto hupanda, ndipo itokeapo. Wauzaji wa vitambaa hawalipendi sana, kwani halimalizi jora. Kwa nyumba ya ghorofa iliyoelekeana na nyingine, bila shaka, halifai. Macho ya jirani wa juu hayakomi katikati ya dirisha.

Kuhusu joto yapasa kusema wazi jambo ambalo matangazo ya biashara hulificha. Pazia lililo upande wa ndani wa kioo huchelewa. Miale ya jua ikishapita kioo imekwisha kuingia nyumbani. Hukipiga kitambaa, kitambaa hupata moto, na moto huo hutoka chumbani pole pole. Kitambaa cheupe hurudisha sehemu ya miale nje kabla haijageuka joto, na kwa hiyo bitana nyeupe upande wa kioo ina maana, bali kitambaa cheusi hunywa karibu yote. Kizuizi kilicho nje ya kioo, kiwe luva, kibaraza, mkeka uliotundikwa, au mti, hufanya kazi kubwa zaidi, kwa sababu joto lake hubaki nje.

Si kila dirisha hupata jua sawa. Dar es Salaam iko kama nyuzi 7 kusini ya Ikweta. Tangu mwanzo wa Machi hata siku za kwanza za Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki upande wa kusini. Lakini wakati huo lipo juu sana, na upenu wa paa watosha kulikinga. Matatizo ni mashariki na magharibi, ambako jua hushuka chini ya upenu na kuingia moja kwa moja mwaka mzima. La mashariki humwamsha mtu, lakini chumba huwa na siku nzima ya kupoa. La magharibi ni baya zaidi, kwa kuwa ukuta hunywa joto la alasiri na kulirudisha saa zile zile mtu alalapo. Mwenye chumba cha magharibi na aitoe fedha yake kwanza kwa kinga ya nje, ndipo afikiri juu ya pazia. Mambo hugeuka ukipanda milimani. Nairobi, iliyo juu zaidi ya mita 1,600, na Njombe pia, usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, na huko pazia zito lenye bitana hurudia kazi yake ya Ulaya kwa haki.

Giza lina umuhimu wake, kwa kuwa mwanga wa usiku hupunguza utokaji wa homoni ya melatonini, ambayo hulieleza tungamo la mwili ya kuwa wakati wa kulala umefika. Anayefanya kazi usiku na kulala mchana, mathalan muuguzi au mlinzi, ana sababu ya kutaka kitambaa kizuiacho mwanga wote. Kwa wengine, tabaka la pili la pamba nzito hutosha kuizima taa ya njiani. Mbu nao hawamo katika kazi za pazia. Kazi yao ni ya kimia, ule wavu wa matundu madogo upigiliwao kwenye fremu, na ya chandarua kitandani. Miaka ya 1990 yalifanyika huko Burkina Faso majaribio ya kutundika milangoni na madirishani mapazia yaliyotiwa dawa ya permethrini, na watafiti waliyaona kuwa na faida. Hata hivyo chandarua chenye dawa ndicho kilichoenezwa zaidi, nacho kina ubora wa kumzunguka aliyelala mwenyewe. Jambo moja kwa fundi wa kimia: wavu nao hupunguza upepo, hasa ukiachwa ukashika vumbi, kwa hiyo uoshwe.

Sasa twaweza kurudi dukani. Kati ya vitambaa vipatikanavyo, pamba hupitisha hewa na hufulika, lakini hufifia rangi juani, tena hurudi. Kitenzi hiki kurudi, kwa maana ya nguo kupungua baada ya kufuliwa, ni cha kale na kizuri, na ningependa vijana wasikiache kikapotea. Anayekijua hufua kitambaa chake kabla ya kukikata. Poliesta hairudi na hustahimili jua, ila haipumui sana. Hariri huoza upesi ikipigwa na jua, na mahameli hukusanya vumbi. Kitani ni kizuri, na ghali. Kanga na kitenge hutumika pia, kwa fahari ya haki. Mwenye kutumia kanga lakini afikiri jina lake: ule msemo uliochapwa utasomwa na nani, mwenye kulala au jirani wa mkabala? Nimewahi kuona dirisha lililoanzisha mashindano ya maneno kwa mtaa mzima.

Katika kupima, kosa la kawaida ni kununua kitambaa chenye upana wa dirisha. Pazia lililonyooka kama ubao halina sitara pembeni wala halikunjiki vizuri; lahitaji marinda, na marinda hula nguo. Kipimo cha kawaida ni mara 2 ya urefu wa fimbo, na kwa shashi hata mara 2 na nusu. Dirisha letu la sentimita 150, likiwekewa fimbo ya sentimita 200, lataka kitambaa cha mita 4 kwa upana. Kwa kwenda chini, pazia refu likomee sentimita 1 au 2 juu ya sakafu, lisifagie. Na fundi aongeze kama sentimita 15 za upindo wa chini, ambazo huwa akiba likirudi. Kulabu na pete za chuma hazifai mwambao, maana hewa ya chumvi huzitia kutu, na kutu hutia doa lisilotoka.

Msomaji ameona ya kuwa maneno niliyoyatumia, bitana, marinda, upindo, na kadhalika tarizi na tamvua kwa mapambo ya ukingoni, yote ni maneno ya mavazi. Sikuyaunda. Ndiyo ayatumiayo fundi wa cherehani, kwa kuwa kwake yeye pazia ni nguo kama nguo nyingine. Nimewahi kuona orodha za istilahi ambamo kila sehemu ya pazia imetungiwa jina jipya, refu, lisilojulikana na mshonaji yeyote. Kazi hiyo ni bure pale ambapo neno limo tayari katika kinywa cha mwenye kazi. Penye upungufu wa kweli ni katika vyuma. Ile fimbo huitwa bomba na wauzaji wengi wa Tanzania, kwa kuwa kweli ni bomba lenye uwazi ndani. Wengine husema fimbo, au chuma cha pazia. Na ile ya kisasa yenye mfereji wa kutelezeshea vishikizo huitwa reli. Sioni haja ya kuyapatanisha maneno haya kwa amri. Bomba na reli hutaja vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo ina faida dukani. Uwingi nao wastahili kuangaliwa: sarufi yasema mapazia haya, na wasemaji wengi husema pazia hizi, hata katika mazungumzo ya watu waliosoma, mwalimu aweza kusahihisha, lakini mtafiti na aandike alilolisikia.

Upungufu mwingine, tena wenye hasara, umo katika vitenzi. Mtu akisema "funga pazia," maana zaweza kuwa tatu: kulitia pazia mahali pake kwa mara ya kwanza, kazi ya fundi na nyundo yake, kulikunjua lifunike dirisha, au kulikusanya na kulifunga kwa mshipi pembeni, ambayo ni kinyume kabisa cha maana ya pili. Kuvuta nako hakusemi upande. Msemaji aliye chumbani huonyesha kwa kidole na mambo huisha, ila mwenye kuandika maelezo, au mwenye kumpigia fundi simu, hana kidole. Nashauri kutundika kwa kazi ya kwanza, kukunjua kwa kufunika dirisha, na kukunja au kukusanya kwa kuliacha wazi. Na kufunga kubakie kwa mshipi wa pembeni, ambako kuna fundo la kweli. Kwa mapazia ya kuviringishwa juu na yale ya vipande, yaendeshwayo kwa kamba, kupandisha na kushusha kwatosha, wala hakuna utata. Ila kamba yenyewe ifungwe juu, mbali na kitanda cha mtoto, kwa kuwa kitanzi chake chaweza kumnyonga.